Kuinama Mbele ya Diwani

Athol Trewin alipigwa na kangaruu Jumanne asubuhi, na kufika saa za chai mji mzima wa Corrabeen ulikuwa umeshajua, kila mtu na maelezo yake. Kwa muuza nyama ilikuwa ni ngumi ya kidevu. Posta wakasema meno yote ya mbele yameng'oka. Kwenye kituo cha mafuta walikuwa wameshafika mahali pa kusema kwamba mzee aliangushwa raundi ya pili na refa akahesabu mpaka kumi. Mji ukikosa mvua muda mrefu, maneno haukosi.

Mkewe Glenys hakuwa na nafasi ya kuyasikiliza hayo. Alikuwa hospitalini, kwenye kiti cha plastiki, amepakata kaptura ya mumewe iliyolowa damu. Ilikuwa imekatwa kwa mkasi kuanzia pindo mpaka kiunoni, kwa kuwa muuguzi hakuona njia nyingine ya kuivua. Muuguzi mwenyewe ni Jodie, aliyekuwa akiwaibia matunda uani alipokuwa mtoto, na sasa Athol alikuwa amelala mbele yake na chupi tu, amegeuzia uso ukutani.

"Tulia, Mzee Trewin," Jodie akasema. "Mimi sijawahi kumwona mtu wa umri wako anapigana kabla ya kifungua kinywa."

"Sikupigana. Nilisimama."

"Ulisimama ukafanya nini?"

"Nilisimama tu. Baba yangu alinifundisha: awe fahali, awe mbwa, awe mlevi, simama wima, tanua kifua, mtazame machoni. Atarudi nyuma mwenyewe."

"Naona alirudi," Jodie akasema, akiendelea kufuta damu.

Glenys nusura acheke, halafu akajionea haya. Alipoitwa nje na daktari alishukuru kupata pa kwenda. Daktari Wijesinghe alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo aliyapunguza zaidi.

"Mama, mumeo anakunywa dawa za kuzuia damu isigande, sivyo?"

"Tangu moyo ulipomsumbua."

"Basi nikwambie wazi. Paja nimelishona. Mbavu zimeingia ufa, zitaunga zenyewe. Lakini lile teke lingeingia tumboni, saa hizi tungekuwa na mazungumzo mengine. Akipigwa tena atavujia damu ndani, na mpaka tumfikishe hospitali kubwa atakuwa ameshakwisha. Asirudi kule kwenye uwanja wa matufe yule mnyama akiwepo."

"Mwambie yeye, daktari."

"Nimemwambia. Ameniuliza kama najua kucheza matufe."

Glenys akaikunja ile kaptura, akaitia mkobani. Haikuwa na kazi tena, lakini hakujua aitupe wapi.

&nbsp;

Ukame ulikuwa umekausha kila kitu Corrabeen. Bustani za watu zilikufa, mto ukabaki madimbwi, hata makaburini hapakuwa na jani. Kilichobaki kijani ni uwanja wa matufe peke yake, mraba wa nyasi fupi nyuma ya klabu, ambapo wazee waliovaa nyeupe juu mpaka chini huviringisha matufe mazito na kubishana nani amekaribia zaidi. Halmashauri iliwaruhusu kuumwagilia maji machafu yaliyosafishwa. Mtunzaji wake alikuwa Athol. Alizikata nyasi zile, akazichana, akazilaza, na mtu akizikanyaga na viatu vya visigino alisemwa mpaka akome.

Sasa wewe uwe kangaruu, una njaa, na ng'ambo ya mto unaona kijani. Utakaa? Wakaja. Kwanza majike wawili watatu na watoto wao, halafu dume lao, jitu refu la kijivu lenye kifua cha kubeba magunia. Watu wakambatiza Diwani, maana anakuja, anakula, anajikuna tumbo, anaondoka, na hakuna wa kumuuliza.

Jioni ya Jumanne ileile, Merv Stoddart, mwenyekiti wa klabu, alifika kwa akina Trewin na pai ya nyama mkononi.

"Athol, ndugu yangu! Nasikia Diwani amekupigia kura ya hapana."

"Cheka tu."

"Sicheki. Nacheka kidogo. Lakini Jumamosi itakuwaje? Watu wa Dunmore wanakuja kushindana nasi, basi zima. Wakikuta mavi ya kangaruu uwanjani watatusimanga mpaka tuzikwe."

"Jumamosi nitakuwepo, na uwanja utakuwa msafi."

"Daktari amesema..." Glenys akaanza.

"Glen, chai," Athol akasema.

Akaenda kutia chai. Akiwa jikoni aliwasikia wakipanga nani atamwagilia mpaka Jumamosi. Merv mwenyewe magoti mabovu. Fulani amesafiri, fulani hawezi kuamka mapema. Kisha Merv akasema, "Si Glenys yupo?" na Athol akajibu, "Ndiyo, Glen atamwagilia. Mpira wa maji si mzito." Hakuna aliyegeuza shingo kumuuliza mwenyewe. Alipoingia na sinia jambo lilikuwa limeshapita, na Merv akamshukuru kwa kujitolea.

"Na Diwani akija?" Glenys akauliza.

"Usikimbie," Athol akasema. "Simama wima."

"Kama ulivyosimama wewe," Glenys akasema, lakini aliliambia lile sinia, na wao walikuwa wameshaanza kuikata pai.

&nbsp;

Kesho yake alikuja afisa wa wanyamapori, msichana aitwaye Tamsin Quirk. Athol alikuwa amewekwa kwenye kochi, mto chini ya goti. Alimtazama msichana kuanzia kofia mpaka viatu, akamwuliza bila salamu kama amekuja na bunduki.

"Hapa ni katikati ya nyumba za watu, mzee. Hakuna wa kufyatua risasi hapa."

"Basi mchukueni mkamtupe mbali."

"Dume mzima kama yule ukimkamata na kumsafirisha, mara nyingi anakufa kwa kihoro. Na akiondoka huyu, wiki ijayo anakuja mwenzake. Nyasi si bado zipo? Hebu nisimulie, ilikuwaje?"

Athol akasimulia. Alifika alfajiri, akawakuta wanakula. Akazunguka taratibu mpaka lango la upande wa mtoni, ambalo ndilo wanaloingilia, akalifunga.

"Ulilifunga?" Tamsin akauliza. "Wakiwa ndani?"

"Nilikuwa nawafungia kila siku. Wapate kiwewe, wasirudi tena. Siku zote majike wanaruka uzio, na yeye anawafuata. Jana hakuruka."

Tamsin akavua kofia, akaiweka mapajani.

"Yaani mzee ulimzibia njia, ukasimama mbele yake, ukatanua kifua, ukamkodolea macho."

"Ndivyo."

"Kwa lugha yake ulimwambia: majike hawa ni wangu, njoo tumalizane."

Glenys alikuwa anakunywa chai, ikampalia. Athol akamkata jicho.

"Dume mdogo akikutana na mkubwa hafanyi hivyo," Tamsin akaendelea, na bila aibu yoyote akachuchumaa palepale kwenye zulia la sebule. "Anajifanya mdogo. Anaficha kidevu, hatazami machoni, anakohoa. Kikohozi kifupi, kizito, cha kooni. Hivi. Halafu anajiondoa polepole, hakimbii. Mkubwa akiona hivyo anaridhika. Nyie fanyeni hivyohivyo, na lango la mtoni liacheni wazi, awe na pa kutokea. Akishakurukia, lala chini, jikunje, linda kichwa na tumbo. Baadaye wekeni uzio mrefu, mambo yaishe."

Athol alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Nikohoe," akasema. "Mimi. Kwenye uwanja wangu. Nimpigie magoti mnyama nimkoholee."

"Ndiyo, mzee."

"Binti, mimi nimesimama mbele ya mafuriko. Nimesimama mbele ya watu wa benki walipokuja kuchukua shamba. Sijamwinamia mtu."

"Na shamba walichukua?" Tamsin akauliza, kwa nia njema tu, maana hakuwa mtu wa pale.

Glenys akamsindikiza mpaka getini, akamwomba amwonyeshe tena kile kikohozi.

&nbsp;

Waswahili husema ng'ombe haelemewi na nunduye, lakini ng'ombe mwenyewe hakuna aliyekwenda kumuuliza. Alhamisi Glenys aliamka gizani, akambadilishia Athol bendeji, akamsimamisha, akampeleka chooni, akamrudisha, akamwekea dawa na mkate, akasikiliza namna bora ya kushika mpira wa maji ambao amekuwa akiushika uani kwake tangu aolewe. Kisha akavaa koti akavuka barabara kwenda klabu.

Kwanza akafungua lango la mtoni. Akakokota mpira. Hakuwa hata amefungulia maji alipohisi anatazamwa. Diwani alikuwa pale, kwenye kona ya mbali, peke yake. Alisimama. Akazidi kusimama, akajiinua juu ya vidole na mkia mpaka akawa mrefu kuliko Athol. Akang'oa majani kwa mikono miwili, akajikwaruza nayo kifuani.

Ee Mungu wangu, Glenys akasema moyoni. Ndivyo ninavyokufa, na mpira wa maji mkononi.

Akauachia mpira. Akachuchumaa, akainamisha kichwa mpaka akaona vifungo vya koti lake, akakohoa. Kikatoka kikohozi kidogo cha mtu anayeomba radhi. Akakohoa tena. Akaanza kujivuta kando, hatua ndogondogo za kiubavu, asilizibe lango, asimwangalie, asitoe sauti nyingine. Akasikia pumzi ya mnyama. Akasikia mkia ukiburuzika kwenye nyasi. Halafu mapigo ya miguu yakipungua kuelekea mtoni, na alipoinua macho uwanja ulikuwa mtupu.

Akakaa chini palepale kwenye umande. Kilichomshangaza ni wepesi wa kazi yenyewe. Alitegemea atasahau mafundisho ya yule binti, na kumbe hakuhitaji kukumbuka kitu. Kichwa kiliinama chenyewe. Macho yalishuka yenyewe. Kile kikohozi chenyewe alikuwa nacho siku zote, ndicho anachotanguliza anapotaka kumwambia Athol jambo: kwamba paa linavuja, kwamba angependa kwenda kumwona dada yake kule mjini Hobart kabla hawajazeeka kabisa, kwamba daktari amesema. Anajifanya mdogo, anakohoa, anajiondoa kiubavu. Miaka arobaini na ushee.

Athol hakuwahi kumpiga, na Glenys asingependa mtu afikirie hivyo. Alikuwa mtu wa kusimama tu. Akishasimama, nyumba nzima inabaki na nafasi ya mtu mmoja.

Glenys akalia kidogo, kilio cha uchovu kisicho na sauti, akajifuta kwa kiganja cha mkono, akafungulia maji. Nyasi zilikuwa zinasubiri.

&nbsp;

Jumamosi alfajiri alikuta kitanda kitupu. Athol alikuwa jikoni, amevaa nguo nyeupe za klabu juu ya bendeji, tai amefunga, kofia kichwani. Mguu mmoja ulikuwa umevimba hata suruali ikabana. Mkononi alikuwa na mpini wa shoka.

"Unakwenda wapi?"

"Kazini."

"Na huo mpini?"

"Wa kutembelea."

"Athol."

"Watu wa Dunmore wanafika saa tatu. Yule mshenzi atakuwa pale, na Merv alipopita hapa jana na wanaklabu ameniuliza mbele yao kama nitatuma mke wangu akamkoholee. Mbele ya watu, Glen. Wakacheka. Leo namaliza."

"Atakumaliza wewe."

"Pisha."

Glenys alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma. Hakukumbuka amefikaje pale. Alikuwa na gauni la kulalia, miguu mitupu, nywele hazijachanwa. Kikohozi kikampanda kooni kama kawaida yake. Akakimeza.

"Sipishi."

Athol akamwangalia kama anavyowaangalia watu wote. Kila kitu mwilini mwa Glenys kilitaka kutazama ile tai, au sakafu, au birika. Akamtazama machoni. Yalikuwa macho ya mzee, yamezungukwa na utando mweupe, na akagundua kwamba hajayatazama muda mrefu sana. Yalikuwa na hofu tele. Yalikuwa na hofu kumshinda yeye.

"Glen, usinitie aibu."

"Aibu gani? Aibu ni mimi kukaa kwenye kile kiti cha plastiki na kaptura yako mapajani, Jodie ananihurumia. Mimi nimechoka, Athol. Nimechoka, unanisikia? Nimechoka kukuogopa na nimechoka kukuogopea. Daktari amesema teke moja. Moja. Halafu wao watacheza matufe yao, watakunywa bia ya kukukumbuka, na mimi nitarudi humu peke yangu."

"Mwanaume hawezi..."

"Mwanaume hawezi nini? Kuishi?"

Athol akaukaza mkono kwenye mpini.

"Ukitoka na huo mpini, toka," Glenys akasema. "Lakini ukipelekwa hospitali, siji. Akukalie Merv. Akubadilishie bendeji Merv. Nakuambia ukweli, siji."

"Huwezi kufanya hivyo."

"Jaribu uone."

Athol alikuwa anahema kwa mbavu zake mbovu, na Glenys akadhani sasa atamsukuma, na kwamba akimsukuma hatainuka tena, kwa sababu hana nguvu za kuinuka. Lakini Athol aliusimamisha ule mpini ukutani. Ukateleza, ukaanguka, ukalia kwa kelele sakafuni, na hakuna aliyeinama kuuokota.

"Nitakaa garini," akasema. "Garini tu. Nione."

"Garini tu."

Glenys hakusikia raha yoyote ya ushindi. Akaenda kuchoma mkate, akauunguza, wakaula hivyohivyo bila kusemezana.

&nbsp;

Basi la Dunmore lilifika kabla ya saa. Wageni wakashuka na mikoba yao ya matufe, wakajipanga kwenye uzio, wakaona walichokuwa wamesimuliwa: katikati ya uwanja, amejilaza kiubavu na kiwiko chini kama mwenye mali, Diwani.

"Huyo ndiye mwamuzi?" mmoja akauliza, na wote wakacheka.

Glenys alikuwa ameshafungua lango la mtoni. Aliingia kwa upande wa klabu, taratibu, huku gari lao likiwa limeegeshwa nje ya uzio na Athol ndani yake, kioo ameshusha. Alipofika umbali wa kutosha akachuchumaa, akaficha kidevu, akakohoa. Nyuma yake vicheko vikapanda. Mtu akamkoholea kwa kejeli, mwingine akamwuliza kama amepoteza hereni. Masikio yakamwaka moto kwa fedheha, lakini Diwani alikuwa ameinuka, amejinyoosha, na anatazama upande wa mto. Kidogo tu, angekwenda.

Tatizo ni Merv. Merv alikuwa mwenyekiti, na wageni wanacheka, na anayefanya kazi ni mwanamke aliyepiga magoti. Akatoka klabu na mfuniko wa pipa la taka na fimbo, anaugonga.

"Haya! Toka! Toka, bwana! Hii ni klabu ya wanachama!"

Diwani akageuka. Akasimama juu ya vidole. Merv naye, kwa ule mfuniko wake, akasimama wima, akatanua kifua, na kwa muda mfupi walifanana. Halafu mnyama akaja. Merv akatupa mfuniko akakimbia, na akakimbilia, mwenyewe baadaye alisema hakujua anakimbilia wapi, nyuma ya Glenys.

Glenys aliona tumbo la kijivu limeziba mbingu. Akasikia mlango wa gari.

"Usiinuke, Glen! Kaa hivyohivyo! Jikunje!"

Athol alikuwa ameingia uwanjani kwa geti dogo, anaburuza mguu, mkononi hana kitu. Alikuja kwa upande, akipiga makofi, akamwita mnyama kwa jina alilopewa na mji mzima. "Diwani! Huku! Mimi huku!" Yule dume akageuza kichwa. Alimjua. Akamwacha Glenys akamkabili mtu aliyekuwa akimfungia lango kila siku, akajiinua kwa urefu wake wote, na watu kwenye uzio wakasogea mbele, maana walijua sasa wataona kile walichokuwa wamesimuliana tangu Jumanne.

Athol Trewin akamtazama. Kisha akayashusha macho. Akashika paja kwa mikono miwili, akakunja goti la mguu ulioshonwa, akashuka, na uso ukamgeuka rangi. Goti la pili likafuata. Akainamisha kichwa, kofia ikaanguka ikaviringika, upara wake ukabaki juani mbele ya kila mtu. Akakohoa. Kila kikohozi kilimpasua mbavu, na kila mtu alisikia. Akakohoa tena. Akatambaa kando, kiubavu, nguo nyeupe zikiburuza, akamwachia mnyama njia yote ya lango.

Diwani akabaki amesimama. Akang'oa majani, akajikwaruza kifuani. Akashuka kwenye mikono yake, akapita pale bila haraka, akatoka na kuteremka mtoni. Labda ni kile kikohozi. Labda alikuwa ameshashiba. Corrabeen wanalibishania mpaka leo.

Mtu mmoja wa Dunmore alianza kucheka, akajikuta yuko peke yake, akaacha.

Glenys akaenda mpaka alipokuwa mumewe. Damu ilikuwa imetoka kwenye ile suruali nyeupe, duara linalokua.

"Mshono umefumuka," akasema.

"Najua."

"Tulisema garini."

"Najua tulisema." Athol hakuinua uso. Mabega yalikuwa yanamtikisika. "Nilimwona anakuendea wewe, Glen. Umejikunja vile, kadogo, na sikuona... Ni mbavu," akasema, akijifuta macho kwa mkono wenye nyasi. "Mbavu tu zinauma."

"Ndiyo. Ni mbavu."

Merv akaja mbio, anahema, mwekundu, maneno ya kujitetea yamemjaa mdomoni. Akanyoosha mkono amwinue rafiki yake asionekane pale chini na wageni.

"Usiniinue," Athol akasema. "Kamwite Jodie. Mimi niache kwanza hapa."

Glenys akaketi kwenye nyasi kando yake, akaukandamiza mkono wake juu ya paja pale palipokuwa panavuja. Wakakaa hivyo, wamechoka wote wawili, mbele ya basi zima la watu wa Dunmore, wakimsubiri Jodie, na hakuna aliyemwambia mwenzake ainuke.